Kitanda cha bure kina bei yake

Wadau, wiki iliyopita nililala hoteli ya kitalii pale Posta, Dar es Salaam. Sikulipa hata senti tano. Waandaaji wa semina ndio waliolipa, na posho juu.

Jamani, raha! Kiyoyozi kinapuliza, mashuka meupe pe, dirishani naona pantoni ikivuka kwenda Kigamboni, imejaa watu. Chupa ndogo ya maji mle chumbani, bei yake ningekula siku mbili kwa mama ntilie. Nikalala fofofo.

Kesho yake ukumbini nilikuwa na swali moja kwenye kijitabu: fedha za mradi wenu, vijijini zimefika kiasi gani? Sikuliuliza. Hakuna aliyenikataza. Niliona aibu tu. Mtu amekulaza pazuri, umuumbue mbele ya wageni?

Najua mtasema mishahara ya waandishi ni midogo. Kweli kabisa. Lakini wenye magazeti walipie safari za waandishi wao. Wakishindwa, basi tuandike mwisho wa habari nani alilipia kitanda, msomaji apime mwenyewe.

Habari yangu ilitoka ukurasa wa tatu. Mhariri akanisifu. Swali bado limo kwenye kijitabu.