Uliacha Demio yadini ukatoka na Subaru? Angalia jina lililo kwenye logbuku

Unaijua ile sauti. Umekwama kwenye matatu Ngong Road, mara Subaru inapita pembeni ikinguruma, na hata makanga anageuza shingo. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa au bado tunanyonya, lakini mbio hizo ziliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka wa 2021 tulikimbia Naivasha kana kwamba McRae alikuwa mjomba wetu. Ugonjwa ni ule ule.

Basi kwenye barabara hiyo hiyo, nyuma ya ua wa waya, kuna Subaru nyingine iliyooshwa ikang'aa, na kibao kimebandikwa kiooni: 'Trade-in'. Maana yake leta gari lako kuukuu, lipigiwe bei, uongeze pesa juu, uondoke na hili. Ukiwa na kijigari kidogo na akiba kidogo, unaona kama mlango wa mbinguni umefunguliwa. Mimi niliingia kwa mlango huo mwaka juzi. Nitakuambia nilitokea wapi, lakini kwanza tuongee kuhusu ni kwa nini mwenye yadi anakutaka sana hivyo.

Usidhani ni huruma. Kenya hairuhusu uingize gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka huu wa 2026, maana yake ni 2019 kuja juu. Halafu kuna kodi. Tuseme KRA imekadiria thamani ya gari lenye injini ya 2,000cc kuwa Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, hiyo ni Sh350,000. Juu ya jumla hiyo unawekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, Sh337,500 zinaenda. Juu ya yote hayo VAT ya asilimia 16, Sh270,000. Ukijumlisha ni Sh957,500, na bado hujalipa ada ya kuagiza bidhaa wala ile ya reli. Kwa ufupi, unanunua gari moja kwa bei ya mawili, moja lako na moja la serikali. Na KRA ilipotangaza orodha mpya ya bei za kukadiria ushuru, ianze Julai 2025, waagizaji walilalamika kwa sababu bei za magari mengi zilikuwa zimepanda.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye yadi. Kuleta gari moja kutoka Japani kunamtaka atoe pesa nyingi leo, asubiri meli, alipe bandarini Mombasa, ndipo atafute mteja. Demio yako je? Ushuru wake ulilipwa zamani na mtu mwingine. Ina namba, inawaka, na watoto wa mtaani wanaopanga kuingia kazi ya teksi za app wanaitafuta. Ukimwachia yadini, ataiuza wiki hiyo hiyo. Kwa hivyo katika dili hii wewe si mnunuzi pekee. Wewe pia ni muuzaji anayemletea bidhaa rahisi, na ukisahau hilo tu, umeliwa.

Kwa magari ya mbio mambo ni makali zaidi. Injini ya EJ20, ile iliyoifanya Impreza iitwe Impreza, ilifikia mwisho kwenye WRX STI mwaka wa 2019, Subaru wakatoa magari 555 ya kuaga wakafunga. Piga hesabu na ile sheria ya miaka minane: STI iliyosajiliwa 2019 ikikosa kuingia nchini mwaka huu, haitaingia tena. Ndiyo maana WRX na STI unazoziona yadini kwa bei ambayo kijana anaweza hata kuiota ni zile zilizofika kitambo, na zimepita mikononi mwa watu. Mmoja alikuwa akiliendesha kwenda kanisani. Wa pili aliliongezea presha ya turbo. Wa tatu alikimbizana nalo Thika Road usiku wa manane. Wa nne ndiye aliyelileta yadini, na hakulileta kwa sababu alikuwa amechoka na furaha.

Hadithi yangu ni hii. Niliacha chuo mwaka wa pili (karo, na uvivu kidogo, tusidanganyane), nikanunua Demio kwa mkopo wa sacco na kuiendesha kama teksi huku nikiandika usiku. Mkopo ulipoisha nikajisikia mkubwa. Nikaona WRX ya 2006, namba ya KBU, kwenye yadi moja hapa Nairobi. Bei iliyoandikwa ilikuwa Sh1.15 milioni. Kijana wa mauzo akazunguka Demio yangu mara moja, akapiga tairi teke, akasema, "Bro, hii nakupea 420." Moyo ukaruka. Mtaani nilikuwa nimeambiwa 350, na kwa shida. Nikahesabu kwamba nimepata 70,000 za bure. Nikaongeza Sh730,000, nusu yake mkopo mwingine wa sacco, na nikapiga picha na funguo.

Miezi baadaye rafiki yangu aliniambia kitu nilichopaswa kuuliza siku ile. Yeye alikuwa ameenda yadi hiyo hiyo kabla yangu, akauliza gari lile lile, bila Demio, pesa mkononi. Aliambiwa Sh1 milioni.

Fanya hesabu nami. Ningeuza Demio mwenyewe kwa 350, nikanunua WRX kwa milioni moja, ningeongeza Sh650,000. Mimi niliongeza 730. Ile 70,000 'ya bure' ilinigharimu Sh80,000. Walichofanya ni kupandisha pande zote mbili, na mimi nikaangalia upande mmoja tu kwa sababu ndio ulionisifia gari langu. Hakuna sheria waliyovunja hapo. Bei ni maelewano. Lakini ndiyo sababu nakuambia: ukifika yadini, usitaje gari lako kwanza. Uliza bei ya lile unalolitaka ukiwa na pesa taslimu, wakuandikie hata kwa WhatsApp. Kisha, siku nyingine kama unaweza, uliza wanakupa ngapi kwa lako. Pesa unayoongeza ndiyo bei ya kweli. Hizo nyingine ni stori.

Kuhusu gari lenyewe sitakuchosha sana, maana mafundi wa mtandaoni ni wengi kuliko magari. Fika asubuhi bila kutangaza na uguse boneti. Ikiwa moto na wewe ndiye mteja wa kwanza, mtu ameliwasha mapema, na injini ya turbo iliyopashwa moto huficha mgongano ambao ungeusikia ikiwa baridi. Nenda na fundi anayezijua Subaru, si yule wa matatu, apime mgandamizo wa kila silinda. Yadi ikikataa kipimo hicho, jibu umeshapata. Kama hujui fundi, AA Kenya hukagua magari kwa ada. Na kama gari lilitoka Japani kwa mnada, omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA juu yake huonyesha kwamba liliwahi kugongwa likarekebishwa, na kilomita zilizoandikwa pale uzilinganishe na zilizo kwenye dashibodi. Gari lililosoma kilomita 140,000 Yokohama haliwezi kusoma 95,000 Nairobi baada ya miaka kumi, hata kama limeombewa.

WRX yangu ilikula klachi mwezi wa pili. Hiyo ni sawa, niliitegemea, ukipenda boga penda na ua lake. Nilipowapigia simu walinisomea mstari kwenye hati ya mauzo: gari limeuzwa jinsi lilivyo. Niliusaini mwenyewe. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi kiasi, lakini ukiwa umelikagua gari, kasoro ambazo ulipaswa kuziona kwenye ukaguzi huo huwezi kuja kuzililia baadaye. Tuendelee.

Kilichoninyima usingizi hakikuwa Subaru. Ilikuwa Demio.

Ilikuwa Jumanne, nimekaa kibandani nakula chapati na ndengu, nikapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakili. Akauliza kama mimi ndiye mwenye gari namba fulani. Nikasema nilikuwa nalo. Akasema, "Kwa mujibu wa rekodi za NTSA bado unalo." Demio ilikuwa imemgonga mwendeshaji wa bodaboda huko Kitengela. Mguu umevunjika mara mbili, kijana wa umri wangu, ana mtoto. Aliyekuwa akiliendesha hakusimama. Stika ya bima iliyokuwa kiooni ilikuwa ya mwezi mmoja na ilikuwa imeisha.

Hebu nikueleze jinsi hii hutokea, maana si bahati mbaya, ni desturi. Unapoacha gari yadini, mwenye yadi hataki kulihamishia jina lake. Akifanya hivyo atalipa ada ya uhamisho, kisha alipe au mteja wake alipe tena baada ya wiki mbili. Kwa hivyo analiacha kwenye jina lako akisubiri mnunuzi, ili lihame kutoka kwako moja kwa moja hadi kwake. Zamani walikuwa wakikusainisha fomu tupu, ukiacha nakala ya kitambulisho na ya PIN. Siku hizi mambo yako kwenye eCitizen: muuzaji huanzisha uhamisho, mnunuzi hukubali. Sasa wanakuambia, "Mkubwa, tukipata mtu tutakupigia uanzishe." Wengine wana ujasiri wa kukuomba nenosiri lako. Halafu mnunuzi anapatikana, analipa nusu, anachukua gari, anaahidi kumaliza mwisho wa mwezi. Hakuna anayekupigia.

Na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina mchezo. Kifungu cha 8 kinasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinatoa siku 14 za kubadilisha usajili baada ya umiliki kuhama, na zikipita gari halifai kuwa barabarani kabla mwenyewe mpya hajasajiliwa. Hayo maneno 'hadi ithibitishwe vinginevyo' ndiyo dirisha lako. Mahakama zetu zimewahi kukubali kwamba mtu anaweza kuwa ameuza gari na kulikabidhi ingawa logbuku bado ina jina lake. Lakini ni wewe unayepaswa kuthibitisha, kwa karatasi.

Karatasi yangu mimi ilisema nini? Nilikwenda nyumbani nikaitoa chini ya godoro. Kurasa tatu kuhusu WRX: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, jinsi lilivyo. Demio haikutajwa popote. Zile Sh420,000 ziliandikwa 'amana'. Mtu akiisoma karatasi ile atadhani nilileta pesa kwa bahasha.

Nilirudi yadini. Kijana wa mauzo hakuwepo tena, ameacha kazi. Aliyekuwepo alinipa chai, akaniita bro mara nyingi, akasema Demio ilienda kwa broka, na broka simu yake haipatikani.

Sasa sikiliza, wewe uliye na Vitz au Fielder na picha ya GTI kwenye simu. Kubadilisha gari yadini si dhambi. Inakuokoa na wale watu wa mtandaoni wanaokuja kukagua gari wakiwa sita bila shilingi. Lakini yadi wakitaka gari lako, wapewe mikataba miwili: mmoja wa lile unalonunua, mwingine ukiwauzia lako, wenye namba ya usajili, chesisi, bei, tarehe na hata saa uliyowakabidhi funguo. Anzisha uhamisho papo hapo kwenye simu yako, na mtu wao aukubali ukiwa umekaa kwenye kiti chao. Wakisema mfumo uko chini, keti. Wakisema warudi kwako kesho, rudi na funguo zako kesho. Na lile unalonunua, tafuta rekodi zake NTSA kabla ya kulipa chochote, uone ni la nani na kama kuna benki yenye haki juu yake. Kumbuka kuna mtu aliyeliacha hapo kwa namna ile ile niliyoacha langu.

Nilipomweleza mamangu aliuliza swali moja tu: huyo kijana wa bodaboda anakula nini? Sikuwa na jibu. Nimemtembelea mara mbili. Wakili wangu amenionya niache, ati itaonekana kama nakubali makosa. Nilipata kitu kimoja cha kunisaidia, ujumbe wa WhatsApp wa siku ya dili, picha niliyojipiga na funguo za Subaru, na nyuma yangu, kwenye ua wa yadi, Demio ikiwa na namba yake inasomeka vizuri. Wakili anasema tutaijaribu.

WRX nimeiweka sokoni, na sitaki yadi. Jana nilifungua akaunti yangu nianze kuandaa uhamisho. Orodha ilitokea: magari mawili, yote yangu.