Kipakatalishi Kikuukuu na Uteuzi wa Linux

Dhana kwamba kipakatalishi chenye umri wa miaka kumi ni taka imeota mizizi vyuoni, na imepata nguvu zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambapo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa usaidizi wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo huvikataa vifaa vingi vilivyoundwa kabla ya mwaka 2017. Mwanafunzi anayeandika tasnifu huku akidaiwa karo hujikuta akiwaza kukopa tena ili anunue kifaa kipya. Aghalabu hana haja ya kufanya hivyo. Linux, mfumo endeshi ambao kiini chake kiliasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hupatikana bila malipo na huweza kukiongezea kifaa hicho miaka kadhaa ya kazi.

Tatizo ni kwamba Linux si moja. Zipo aina chungu nzima, na wengi huteua kwa kufuata sifa badala ya haja. Wapo wanaokimbilia Kali kwa kuwa jina lake huhusishwa na udukuzi, ilhali iliundwa kwa ajili ya wataalamu wa kupima usalama wa mitandao. Mwanaisimu anayechapa sura ya pili ya tasnifu hana la kufanya nayo. Wengine hushikilia Ubuntu. Hiyo ni aina nzuri, tena jina lake ni la Kibantu (jambo la kumfurahisha mwanafunzi wa isimu linganishi), ila mandhari yake ya kawaida, yaani GNOME, hula kumbukumbu nyingi mno kwa kifaa kikongwe.

Kigezo cha kwanza kiwe kumbukumbu. Penye gigabaiti 4, Linux Mint yenye mandhari ya Xfce inatosha, na ndiyo inayomfaa mgeni zaidi kwa kuwa menyu yake haitofautiani sana na aliyoizoea. Penye gigabaiti 2, Lubuntu ni nyepesi zaidi. Vifaa vya biti 32 ndivyo vyenye mashaka: Lubuntu iliviacha kuanzia matoleo ya mwaka 2019, nayo Debian ikaacha kuvitolea kisakinishi katika toleo la 13 la mwaka 2025. AntiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, ni kimbilio la wenye vifaa hivyo.

Hata hivyo, hakuna aina ya Linux itakayomwokoa anayefungua kurasa thelathini za intaneti kwa pamoja. Kivinjari ndicho mlaji mkuu. Isitoshe, mara nyingi kinachochelewesha kipakatalishi ni diski kuu ya kuzunguka, na kuibadilisha kwa diski ya SSD huleta nafuu kubwa kuliko kuhama kutoka aina moja ya Linux hadi nyingine. Kabla ya lolote, nakala ya tasnifu ihifadhiwe kwingine, kisha Linux ijaribiwe kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, ili ibainike kama Wi-Fi na sauti zinafanya kazi.

Kuna wanaohofia kwamba kazi zao hazitasomeka kwa wahadhiri wanaotumia Word. Hofu hiyo ina msingi kiasi, kwani jedwali zinaweza kuhama mahali pake zifunguliwapo katika LibreOffice. Nakala ya mwisho ikitolewa kwa PDF, tatizo hilo halipo.

Kwa idara za Kiswahili, faida inazidi kuokoa fedha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi, pasipo kungoja hisani ya kampuni yoyote, kwa kuwa leseni iliruhusu. LibreOffice, iliyorithi programu hizo, ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Leseni za namna hiyo zingali zinaruhusu menyu zitafsiriwe. Wanafunzi wanaotahiniwa kila mwaka kuhusu uundaji wa istilahi wangeweza kuanzia hapo, kwa vifaa walivyo navyo.