Maji Yenye Msukumo Mdogo: Ufumbuzi Huanza kwa Kujua Tatizo Liko Upande Upi wa Dira

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu huduma ya maji nchini umejikita katika swali moja: je, maji yapo au hayapo? Kadiri mtandao wa mabomba unavyowafikia wananchi wengi zaidi, swali la pili linazidi kupata nafasi, nalo ni iwapo maji yanayofika nyumbani yana nguvu ya kutosha kutumika. Kaya iliyounganishwa na huduma lakini ikalazimika kusubiri robo saa ndoo moja ya lita 20 ijae, au ambayo tangi lake la juu halijai hata baada ya usiku kucha, imehesabiwa miongoni mwa zenye maji, ilhali mama wa nyumba hiyo bado anaamka alfajiri kukinga.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa kata kama Nyamisangura, iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Tarime, mkoani Mara. Tarime ni mji wa nyanda za juu, wenye miinuko na mabonde, na unaendelea kupanuka. Katika mji wa namna hiyo, nyumba mbili zilizounganishwa katika bomba moja zinaweza kupata huduma tofauti kabisa kwa sababu moja imejengwa bondeni na nyingine mlimani. Mwenye nyumba asiyeifahamu tofauti hiyo huweza kutumia fedha nyingi kununua pampu, kubadilisha mabomba au kuinua tangi, kisha akabaki na tatizo lilelile.

Hoja ya msingi ni kwamba msukumo mdogo wa maji ni dalili, na chanzo chake hupatikana katika moja ya sehemu mbili: kabla ya dira ya maji au baada ya dira. Kwa utaratibu wa kawaida wa huduma, miundombinu iliyo kabla ya dira ni jukumu la mamlaka ya maji, na mabomba yaliyo baada ya dira ni ya mteja mwenyewe. Kujua tatizo liko upande upi ndiko kunakoamua nani alishughulikie, kwa gharama ya nani na kwa dawa ipi.

Msukumo wa maji hutokana hasa na tofauti ya kimo. Safu ya maji yenye kimo cha takribani mita 10 huzalisha msukumo wa bar 1. Tangi la mamlaka likiwa mita 30 juu ya nyumba, maji yaliyotulia bombani yatafika na msukumo wa karibu bar 3. Nyumba iliyo mita 5 tu chini ya tangi hilo itapata nusu bar, hata kama tangi limejaa pomoni. Zaidi ya hapo, maji yanapotembea hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa kusuguana na kuta za bomba. Bomba likiwa refu, jembamba au lenye kutu, hasara hiyo huongezeka haraka. Kwa kiasi kilekile cha maji, bomba ambalo upenyo wake wa ndani umepungua kwa nusu hupoteza msukumo takribani mara 32 zaidi.

Kanuni hizo mbili zinaeleza kwa nini mradi mkubwa wa chanzo pekee hauwezi kumaliza kero hii. Tarime na Rorya zimo katika mpango wa Serikali wa kuboresha huduma ya maji katika miji 28, unaotekelezwa kwa mkopo wa masharti nafuu wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2022. Kwa eneo hilo chanzo kinacholengwa ni Ziwa Victoria. Uso wa ziwa hilo uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime uko mamia ya mita juu zaidi. Kila mita 100 za kupandisha maji huhitaji pampu zenye uwezo wa kuzalisha msukumo wa karibu bar 10, mbali na nguvu inayopotea njiani. Pampu hizo huyafikisha maji katika matangi makubwa. Kutoka katika matangi hadi jikoni kwa mwananchi, kazi hubaki kwa mabomba ya usambazaji na, katika hatua ya mwisho, mabomba ya nyumba yenyewe.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa msukumo mdogo haupaswi kuanza kwa kufungua mabomba, bali kwa maswali matatu rahisi yasiyohitaji fundi.

Swali la kwanza linawahusu majirani. Iwapo nyumba kadhaa za mtaa mmoja zimepungukiwa kwa wakati mmoja, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo liko katika mtandao: bomba limepasuka, koki ya barabarani haikufunguliwa kikamilifu baada ya matengenezo, hewa imenaswa katika bomba baada ya mgao, au umeme ulikatika na pampu hazikujaza tangi. Iwapo nyumba ya jirani iliyo katika kimo kilekile na kwenye bomba lilelile ina maji ya kutosha, macho yaelekezwe ndani ya uzio.

Swali la pili ni la saa. Maji yanayonyong'onyea asubuhi na jioni lakini yakapata nguvu usiku wa manane yanaonesha kwamba watumiaji ni wengi kuliko uwezo wa bomba linalowahudumia. Hali hiyo hujitokeza sana mahali ambapo bomba jembamba lililolazwa kwa ajili ya nyumba chache limeendelea kuunganishiwa wateja wapya. Maji yanayotoka kwa udhaifu uleule saa zote, usiku na mchana, yanaashiria kizuizi cha kudumu au kimo kikubwa cha nyumba.

Swali la tatu ni la mahali ndani ya nyumba. Koki moja tu ikiwa dhaifu, kasoro iko katika koki hiyo. Mara nyingi ni kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake kilichoziba kwa mchanga au chokaa, nacho husafishwa kwa dakika chache. Ikiwa maji ya moto pekee ndiyo dhaifu, chanzo kitafutwe katika hita au bomba lake. Maji yakianza kwa nguvu kisha yakafifia mara koki ya pili inapofunguliwa, bomba la kuingilia ndani ni jembamba au limeziba.

Baada ya maswali hayo, kipimo cha ndoo huondoa ubishi. Ndoo ya lita 20 ikingwe kwenye koki iliyo karibu zaidi na dira na muda uhesabiwe. Kisha ikingwe kwenye koki ya jikoni wakati hakuna koki nyingine iliyo wazi. Ikijaa kwa dakika mbili uani, mtiririko ni lita 10 kwa dakika. Ikichukua dakika nane jikoni, ni lita mbili na nusu tu, na robo tatu ya mtiririko imepotea kati ya sehemu hizo mbili. Hilo ni tatizo la mteja. Iwapo ndoo inachelewa hata karibu na dira, na koki iliyo kando ya dira imefunguliwa yote, mamlaka ndiyo yenye kazi ya kufanya. Vipimo hivyo viandikwe pamoja na tarehe na saa, kwa kuwa taarifa yenye takwimu hurahisisha kazi ya mafundi wa mamlaka kuliko malalamiko ya jumla kwamba maji hayana nguvu.

Kipimo kingine ni cha uvujaji. Koki zote za nyumba zifungwe, likiwemo boya la tangi, kisha dira iangaliwe. Ikiendelea kuzunguka, kuna maji yanayotoroka baada ya dira, pengine chini ya sakafu au katika tangi la choo. Uvujaji wa lita moja kwa dakika unaonekana mdogo, lakini kwa siku ni lita 1,440, na kwa mwezi wa siku 30 ni zaidi ya uniti 43. Kaya hiyo hupoteza msukumo na papo hapo hulipia ankara ya maji ambayo haikuyatumia.

Ndani ya uzio, sababu zinazojirudia ni chache. Nyumba za zamani zilizowekewa mabomba ya chuma huathirika kwa kutu inayojenga tabaka ndani ya bomba. Kwa nje linaonekana la nusu inchi ilhali nafasi iliyobaki ni ya kupitisha kalamu. Dawa yake ni kulibadilisha, kwa kuanzia na bomba kuu la kuingilia ndani, ambalo linafaa kuwa pana kuliko matawi yake. Sababu nyingine ni koki kuu iliyofungwa nusu baada ya matengenezo, bomba la plastiki lililobinyika chini ya ardhi, na viungio vingi vya kona visivyo vya lazima.

Kwa kaya zinazotegemea tangi, kimo ndicho kinachoamua. Tangi lililo mita tatu juu ya koki hutoa msukumo wa bar 0.3 tu, liwe la lita 500 au la lita 5,000. Kununua tangi kubwa zaidi huongeza akiba bila kuongeza nguvu. Msukumo utaongezeka kwa kuinua jukwaa la tangi, jambo linalohitaji ushauri wa fundi ujenzi kwa kuwa lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, au kwa kupanua bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi ili nguvu iliyopo isipotee njiani.

Suluhisho linalovutia wengi, na ambalo halifai, ni kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Pampu hiyo haitengenezi maji mapya. Huvuta yale ambayo yangewafikia walio mbele. Madhara yake hayaishii kwa majirani. Bomba linapovutwa kwa nguvu, msukumo ndani yake unaweza kushuka chini ya ule wa hewa ya nje, na palipo na tundu bomba huanza kunyonya maji machafu yaliyouzunguka udongo wake. Familia iliyonunua pampu ili ipate maji mengi huweza kujiletea ugonjwa wa kuhara, yenyewe na mtaa mzima. Njia sahihi ni kuacha maji ya mamlaka yaingie kwa nguvu zake yenyewe katika tangi lililo chini, lenye boya, hasa nyakati za usiku ambapo watumiaji ni wachache, kisha pampu ivute kutoka katika tangi hilo kwenda la juu.

Kwa upande wa mamlaka, wajibu ni mkubwa pia. Ripoti za Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) zimekuwa zikionesha kwamba upotevu wa maji katika mamlaka nchini unazidi asilimia 30 kwa wastani, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Sehemu ya upotevu huo ni maji yanayovuja chini ya ardhi, na kila tundu hupunguza nguvu ya maji yanayokwenda mbele. Katika miji ya miinuko kama Tarime, ufumbuzi wa kitaalamu ni kugawa mtandao katika kanda za msukumo kulingana na kimo, kila kanda ikiwa na tangi lake au kifaa cha kudhibiti msukumo, ili wa mlimani wasikose na wa bondeni wasipasukiwe mabomba.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ndiyo inayosimamia utoaji wa huduma hizi, na mamlaka za maji huwa na mkataba wa huduma kwa mteja unaoeleza haki na wajibu wa pande zote mbili. Mwananchi aliyejiridhisha kwamba tatizo liko kabla ya dira anapaswa kulifikisha kwanza kwa mamlaka inayomhudumia na kuhifadhi kumbukumbu ya taarifa yake. Asiporidhika, anaweza kulipeleka lalamiko EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) lipo kwa ajili ya kutetea maslahi yake. Serikali za mitaa nazo zina nafasi: lalamiko la mtaa mzima, likiambatana na orodha ya saa ambazo maji hupungua, huonesha haraka tawi la mtandao lenye kasoro.

Lipo jambo la mwisho linalostahili kuzingatiwa na wakazi wa maeneo yanayotarajia miradi mipya. Msukumo unapoongezeka katika mtandao, udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza. Kiungio kilichokuwa kikitoa tone moja huanza kumwaga, boya lililochakaa hushindwa kuzuia maji, na bomba la bei nafuu lililolazwa juujuu hupasuka. Kaya iliyokagua mabomba yake mapema itafungua koki na kupata huduma. Ile ambayo haikukagua itaongezewa ankara kabla ya kuongezewa maji.

Dhamira ya Serikali ya kumtua mama ndoo kichwani hupimwa katika koki ya nyumbani, si katika ukubwa wa chanzo peke yake. Kati ya chanzo na koki hiyo kuna dira ndogo inayogawa wajibu. Mamlaka ikiziba matundu na kupanua mabomba ya upande wake, na mwananchi akisafisha, akakagua na kuacha kunyonya maji ya mwenzake kwa pampu, nyumba ya mlimani Nyamisangura itakuwa na sababu ya kutarajia maji yenye nguvu sawa na nyumba ya bondeni.