Msumeno Haufi, Huuawa

Na Anania Mgaya

Katika stoo za wakulima wa miti wa Njombe na Mufindi hakukosekani msumeno wa mnyororo uliokwisha kukatiwa tamaa. Uliacha kuwaka msimu mmoja, ukapelekwa kwa fundi, ukafungwa pistoni mpya, ukakata miti wiki chache, ukazima tena. Mwenyewe akaamua kwamba chensoo ya zamani haina faida, akaitupa pamoja na majembe yaliyovunjika kusubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Uamuzi huo ndio ninaotaka kuupinga leo. Chensoo nyingi za zamani zinaweza kufufuliwa nyumbani kwa vifaa vichache, lakini kwa sharti moja ambalo mafundi wengi na wenye mashine hulikwepa: lazima ijulikane kwanza kilichoiua. Anayebadilisha kilichoharibika bila kutafuta kilichokiharibu hajatengeneza kitu. Amesogeza mbele tarehe ya hasara tu.

Tuanze na mashine yenyewe, maana ubishi huu hauwezi kuamuliwa na mtu asiyejua kilichomo ndani yake. Mjerumani Andreas Stihl alianza biashara yake Stuttgart mwaka 1926, na misumeno ya mwanzo ilikuwa mizigo ya kubebwa na watu wawili. Msumeno wa petroli wa mtu mmoja wa kampuni hiyo ulitoka mwaka 1950, ukiwa na uzito wa kilo 16 hivi. Mwaka 1968 ikaja Stihl 070, yenye injini ya takriban sentimita za ujazo 106 na uzito unaozidi kilo kumi kabla hata ya kufungwa bapa na mnyororo. Huyu ndiye farasi wa kazi aliyeenea katika misitu ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Ndani yake hakuna valvu wala pampu ya kulainisha injini. Injini ya mipigo miwili ina pistoni, konrodi na kranki, na oili inayovilainisha huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Kitu kilichofungwa kwa skrubu hufunguliwa kwa bisibisi. Urahisi huo ndio unaoipa chensoo ya zamani haki ya kupewa nafasi ya pili.

Lakini urahisi huohuo ndio unaoiua. Kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, chochote kinachopunguza petroli inayoingia kwenye silinda hupunguza pia ulainishaji, na wakati huohuo huongeza joto. Wauaji wakubwa ni wadogo kwa umbo. Wa kwanza ni sili za mpira zilizo kwenye ncha mbili za kranki. Zikikauka kwa umri huruhusu hewa kuingia, mchanganyiko ukawa na hewa nyingi na mafuta machache, injini ikapanda mlio yenyewe na kukawia kutulia mkono unapoachia mafuta. Wengi husikia mlio ule wakafurahi, wakidhani mashine imepata nguvu, kumbe inaungua. Wa pili ni viwambo vya ndani ya kabureta, vipande vyembamba vinavyosukuma na kupima mafuta, ambavyo navyo hukakamaa kwa miaka. Wa tatu ni mwenye chensoo mwenyewe. Kuna anayemimina petroli tupu kwa kusahau, na kuna anayezidisha oili akiamini anaihurumia injini. Huyu wa pili hajui kwamba kila tone la oili linalozidi huchukua nafasi ya petroli, na kabureta isiporekebishwa, mchanganyiko unaofika kwenye silinda una petroli pungufu kuliko inavyotakiwa. Oili ya kisasa ya mipigo miwili kwa uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Mashine nyingi za zamani zilielekezwa 1 kwa 25, yaani mililita 40. Kipimo hiki hakitaki elimu ya chuo. Kinataka bomba la sindano la shilingi chache na mtu asiyekadiria kwa macho.

Pistoni iliyokufa ni shahidi, nayo husema ikiulizwa. Mikwaruzo ikiwa upande wa eksozi peke yake, mara nyingi kilichoiua ni joto la mchanganyiko wenye hewa nyingi, na msako uanzie kwenye sili, gasketi na kabureta. Mikwaruzo ikizunguka pande zote, mshukiwa ni petroli isiyo na oili. Upande wa kuingizia mafuta ukiwa umesagika na kufifia kama uliopigwa msasa, vumbi limepita kwenye chujio la hewa lililotoboka au lisilofungwa vizuri. Fundi anayetupa pistoni ya zamani kabla ya kuisoma ametupa ushahidi. Kisha kuna kipimo cha upepo, ambacho fundi wa pancha atakielewa mara moja. Tundu la eksozi na la kabureta huzibwa kwa mpira, upepo ukajazwa kwa pampu ndogo yenye geji hadi nusu baa, na povu la sabuni likapakwa kwenye sili na maungio. Panapovuja povu litachemka. Baadaye upepo huvutwa badala ya kusukumwa, kwa sababu mdomo wa sili unaweza kuhimili msukumo wa upande mmoja ukashindwa kwa upande wa pili. Sili mbili zina bei ndogo sana kuliko pistoni na silinda, na ndizo zinazoachwa bila kuguswa wakati silinda mpya inafungwa juu yake.

Hata silinda yenyewe mara nyingi hutupwa bure. Injini nyingi za chensoo zina silinda ya aluminiamu iliyopakwa ndani ngozi ngumu ya kromu au nikeli. Pistoni ikinoki, kinachoonekana kama silinda iliyokwaruzika aghalabu ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia juu ya ngozi hiyo. Mabaki hayo huondolewa kwa asidi ya haidrokloriki inayopakwa kwa uangalifu kwa kijiti, mahali penye hewa, kwa glavu na miwani, bila kuigusisha kwenye kingo za matundu ambako aluminiamu iko wazi, kwani huko italiwa. Ngozi ikionekana nzima, pistoni na ringi mpya zinatosha. Hapa ndipo mazoea ya karakana ya magari yanapodanganya. Silinda ya chuma huweza kuchongwa ikafungwa pistoni kubwa zaidi, lakini ya chensoo yenye ngozi ya kromu ukiichonga umeiua kabisa. Na kabla ya hayo yote, mnyororo uangaliwe. Msumeno unaotoa unga badala ya vipande vya mti una meno butu, na anayeushindilia kwa nguvu huipa injini mzigo na joto lisilostahili. Tupa ya mviringo yenye kipenyo sahihi, ambayo ni milimita 5.5 kwa mnyororo wa 070, imeokoa injini nyingi kuliko spana.

Najua hoja ya kwanza ya wapinzani wangu: muda ni mali, na madukani kuna misumeno mipya ya bei nafuu, basi kwa nini mtu apoteze siku tatu akisugua chuma cha zamani? Hoja hii ina nguvu kwa anayekata kila siku kwa mkataba. Huyo anahitaji mashine nyepesi inayokula mafuta kidogo, na injini za zamani za mipigo miwili hutupa sehemu ya petroli kwenye eksozi bila kuungua. Sitamshauri ajifungie na 070. Lakini mkulima mwenye ekari chache za misindano, anayepunguza miti kwa msimu na kukata kuni, hesabu yake ni nyingine. Kwake mashine haishindwi na saa za kazi, inashindwa na miezi ya kukaa na mafuta yaliyochacha ndani ya kabureta. Akinunua mpya ya bei rahisi bila kubadili tabia, viwambo vyake vitakakamaa vilevile, na safari hii juu ya mashine ambayo huenda vipuri vyake havina hata namba inayojulikana. Anayejifunza kuchunguza ya zamani amejifunza pia kuitunza mpya atakapoinunua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo siibishii bali naikubali kama mpaka. Chensoo ya zamani inaweza kuwaka vizuri na bado isifae kushikwa. Ncha ya bapa ikigusa mti vibaya, msumeno hurushwa kuelekea kwa mshikaji kabla hajapepesa jicho. Breki ya mnyororo iliyobuniwa kuzuia balaa hilo ilianza kuingia kwenye misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mashine nyingi za zamani zaidi, 070 zikiwamo, hazina. Mtikisiko nao, ambao wakata miti wa Ulaya waligundua unafanya vidole vyao viwe vyeupe na kufa ganzi, ulianza kupunguzwa kwa mipira na springi katika miaka ya 1960. Kwa hiyo matengenezo ya nyumbani yana daraja mbili. Iliyozaliwa na breki lazima irudishwe na breki inayofanya kazi, na mipira ya mtikisiko iliyooza ihesabiwe kuwa hitilafu sawa na pistoni mbovu. Isiyozaliwa na breki ibaki kukatakata magogo yaliyokwisha kulala chini, mikononi mwa mtu mzoefu aliyevaa buti, miwani na kinga ya masikio, wala isirudi kuangusha miti. Fundi anayeng'oa breki ili mashine iwe nyepesi asiitwe fundi.

Ya tatu ni ya misitu: je, kufufua misumeno si kuwapa silaha waharibifu? Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, basi na ikate panapostahili. Tanzania ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Kenya ina yake ya mwaka 2016, na zote zinamtazama mtu anaingia wapi, anakata nini na kwa kibali gani. Hifadhi haiulizi kama chensoo iliyoingia ni ya mwaka jana au ya enzi za babu. Mharibifu mwenye fedha za magendo hununua mpya asubuhi akaitumia usiku. Atakayeumia kwa kukatazwa kutengeneza ni yule mwenye miti yake mwenyewe, aliyeipanda na kuipalilia, anayetaka kuivuna bila kukopa.

Basi msimu ujao ule msumeno wa stooni ukitajwa, usianze kwa kuuliza pistoni inauzwa bei gani. Toa eksozi, washa tochi, chungulia pistoni ndani ya tundu, uone mikwaruzo iko upande gani. Ukishajua kilichoiua, amua kama unaifufua au unaiuza chuma chakavu; uamuzi wowote kati ya hayo mawili utakuwa halali. Na ukipeleka kwa fundi, mwambie kwanza akuonyeshe palipovuja, ndipo mzungumze bei.