Kiungo Kisichoonekana

Muislamu hakukatazwa kujifunza jambo jema kwa asiyekuwa wa dini yake, maadamu halimtoi katika imani. Basi mwezi huu twapenda kuwaelekeza wasomaji wetu, hasa vijana, kwa maseremala wa Japani.

Katika jimbo la Nara liko hekalu la Kibudha liitwalo Horyu-ji. Ibada ya humo si yetu, wala hatuisifu; tutazamacho ni kazi ya mikono. Mnara wake wa mbao, wenye mapaa matano, umesimama tangu karne ya kwanza ya Hijra. Misumari imo, lakini nguvu ya jengo i katika viungo: ulimi wa boriti hii umechongwa uingie sawasawa katika tundu la ile, usilegee, wala usikaze hata ukaipasua. Msumeno wao hukata kwa kuvutwa, si kwa kusukumwa. Ndiyo sababu bapa lake laweza kuwa jembamba na mkato wake mwembamba. Na mwanafunzi, kwa desturi, hufundishwa kwanza kunoa.

Fundi mkuu wa mahali hapo, Nishioka Tsunekazu (1908–1995), alifunzwa kazi na babu yake. Katika matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 1934, majengo yalifunguliwa, zikakutwa mbao za kale zingali na nguvu, na zikipigwa randa zanukia. Aliyevichonga viungo vile alijua ya kuwa, vikisha kufungwa, hapana jicho la mtu litakaloviona. Naye akavichonga vikadumu zaidi ya miaka 1,200.

Hapa ndipo penye somo. Mara ngapi kitanda hupakwa vanishi kikang'aa, na kiungo cha ndani kimejazwa gundi na unga wa mbao! Mnunuzi haoni; Mola aona. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji chini yake, akamkemea muuzaji. Kiungo kibovu kilichofichwa chatofautianaje na nafaka ile? Na ujira wake ndio unaolisha watoto.

Enyi wazazi, msione haya kumtia kijana katika useremala, Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Lakini mfunzeni amana kabla ya patasi. Nanyi vijana, tengenezeni pasipoonekana kama mtengenezavyo panapoonekana.

Mwenyezi Mungu aifanye ndani yetu iwe sawa na nje yetu. Amin.