Dumuzi Anakula Bumu Lako

Januari ya mwaka wangu wa pili, bumu liliingia siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi nusu yake ilikuwa imeshatumwa kwa simu kwenda Urambo, mkoani Tabora, kwa mama. Hakukuwa na mgonjwa wala msiba. Mama alikuwa anataka kununua mahindi. Ndiyo, mkulima wa mahindi ananunua mahindi.

Ukisikia hivyo utadhani mvua ilikataa. Haikukataa. Msimu ule tulivuna magunia tisa. Mwezi wa sita mama aliuza sita kwa shilingi 45,000 kila moja, akapata 270,000. Matatu yaliyobaki yakaliwa, yakaisha. Januari akahitaji mengine matatu ya kufika mavuno, na gunia lilikuwa limepanda hadi 95,000. Piga hesabu: 285,000. Matatu ya kununua yalimgharimu kuliko alichopata kwa sita aliyouza.

Nilimpigia nikiwa na hasira ya mtu ambaye hajui atakula nini mpaka mwisho wa mwezi. "Mama, kwa nini uliuza mapema hivyo?" Akanijibu taratibu: "Sasa mwanangu, ningemwachia nani? Scania?"

Kwa wenzangu mliokulia mbali na ghala, Scania ni jina la mtaani la dumuzi. Ni mdudu wa jamii ya mbawakawa, mweusi wa kahawia, urefu wake milimita 3 hadi 4 na kidogo, kichwa kimeinamishwa chini kama fahali anayetaka kupiga. Watu walimpa jina la lori kwa sababu ya nguvu zake. Fukusi tuliomzoea hutoboa punje na kukaa humo. Dumuzi yeye husaga. Anapita katikati ya punje, anaacha vumbi jeupe, anahamia nyingine, na makopa ya muhogo pia hayapony. Mwaka uliotangulia ule, mama alikuwa ameweka mahindi darini yakiwa bado kwenye magunzi, kama bibi alivyofanya. Kufika Novemba, usiku ukinyamaza ulikuwa unawasikia wanatafuna. Asubuhi unga ulikuwa umetimka mpaka kwenye vyungu.

Tena mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania miaka ya 1970 ikielekea mwisho, na inaaminika alikuja na shehena ya mahindi kutoka nje. Alianza kuonekana Tabora, huko huko kwetu. Mwaka 1983 alikuwa ameshafika Taveta, upande wa Kenya, na tangu hapo amesambaa sehemu kubwa ya Afrika. Vipimo vilivyofanywa hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilionyesha kwamba ndani ya miezi 3 hadi 6, maghala ya wakulima yalipoteza wastani wa karibu asilimia 9 ya uzito wa mahindi, na yaliyoathirika zaidi hadi asilimia 34.

Asilimia 9 inaonekana ndogo ukiisoma darasani. Lakini hakuna familia inayokula wastani. Mama hajui kama mwaka huu ghala lake litakuwa la 9 au la 34, kwa hiyo anauza yote anayoweza mwezi wa sita, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Yale magunia sita dumuzi hakuyagusa hata punje moja, lakini hasara yake ni ya dumuzi. Hiyo haiingii kwenye takwimu za uharibifu wa ghalani.

Hoja yangu ni hii: kinachotuumiza zaidi kwa dumuzi ni uoga anaoutia, kuliko unga anaouacha. Njia za kuuondoa uoga huo zipo na zinajulikana. Zimelala kwenye maktaba zetu huku wazazi wetu wanauza kwa kukimbizwa. Na sisi tunaorudi nyumbani likizo ya mwezi wa saba, mahindi yakiwa bado hayajapata matundu, tuna nafasi nzuri kuliko bwana shamba mwenye vijiji kadhaa na pikipiki moja.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nasoma sheria, mambo ya wadudu waachie watu wa kilimo." Nilikuwa na mawazo hayo hayo. Baada ya ile Novemba nilijifanya msomi, nikamtumia mama hela na maneno mawili: "Weka dawa." Akaenda mnadani, akauziwa vumbi la kupimiwa kwenye kijiko, halina pakiti wala tarehe, akalinyunyizia juu ya magunzi. Halikufanya kitu. Mimi nikalaumu muuzaji, mama akalaumu dawa, na wote wawili hatukujua tulichokosea.

Tulikosea mambo mawili. Kwanza, dumuzi anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa sababu punje zimeshikana na anapata pa kujikazia anapotoboa. Kupukuchua peke yake kunampunguzia kasi, na dawa inaweza kugusa kila punje. Pili, si kila vumbi linamuua. Kiuatilifu kiitwacho pirimifosi-methili kinammaliza fukusi lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Pemetrini inammaliza dumuzi lakini haimuwezi fukusi. Ndiyo maana dawa iliyopendekezwa baada ya dumuzi kuingia nchini ilikuwa mchanganyiko wa vyote viwili, kama Actellic Super, gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100, kwenye mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa. Neno "weka dawa" halisemi lolote kati ya hayo. Niliambiwa na rafiki yangu wa kilimo, tukiwa kwenye foleni ya kafeteria. Dakika tano tu, na mama alikuwa ameshapoteza msimu mzima.

Wapo wanaosubiri serikali imtokomeze. Tusidanganyane. Dumuzi anaishi pia kwenye miti porini na anaruka. Ukisafisha ghala leo, kesho anatoka msituni. Wataalamu walijaribu hata kumleta adui yake wa asili kutoka Amerika ya Kati, mbawakawa mwingine anayekula dumuzi, wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Alisaidia baadhi ya sehemu, lakini hakumwondolea mkulima kazi ya kulinda ghala lake.

Kwa sasa mimi naegemea mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS na ya namna yake. Ilianza kama utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za Cameroon. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Unajaza, unafunga kila mmoja peke yake, basi. Wadudu waliomo wanapumua mpaka oksijeni inapungua, wanaacha kula, hawazaliani, wanakufa. Hakuna sumu, kwa hiyo hakuna cha kuuziwa feki kwenye kijiko. Mmoja nilinunua kwa shilingi 5,000, na kwa kutunzwa unatumika zaidi ya msimu mmoja.

Ila na yenyewe ina masharti, na niliyajua kwa kuumia. Mwaka wa kwanza nilipeleka miwili. Mmoja niliuegemeza ukutani, panya wakautoboa. Mwingine wadogo zangu waliufungua kila Jumamosi kuchota ya kusaga. Kila ukifungua, hewa inaingia na wadudu wanapata nafuu. Sasa tunaweka juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya kula kila siku yanakaa kwenye gunia lake. Mahindi lazima yawe makavu kabisa, la sivyo yataoza humo humo. Kipimo chake hakihitaji maabara: weka chumvi kavu na mahindi kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Atakayenipinga kwa haki ni yule anayesema wazazi wanauza mwezi wa sita kwa sababu wana shida ya pesa, mdudu ni kisingizio. Ni kweli kwa sehemu. Sare za shule na deni la mbolea havisubiri Januari, na mfuko haulipi deni. Ndiyo maana sisemi wasiuze. Nasema wauze kwa hesabu: haya ya shida, haya ya kula, haya ya kusubiri bei. Mwenye ghala asiloliamini hana uchaguzi huo.

Sasa nakuja kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila kampeni tunaahidiwa intaneti na kuletewa fulana. Ombi langu ni dogo. Mwezi wa sita, kabla hatujatawanyika, pawe na daftari: anayetaka mifuko aandike jina na alipie, serikali inunue kwa jumla na ihakiki bidhaa. Halafu wenzetu wa kilimo watupe nusu saa uwanjani, watuonyeshe kukausha, kupima kwa chumvi na kufunga. Hatuhitaji mfadhili wala bango. Mabasi ya Tabora, Songea na Sumbawanga tunapanda wenyewe kila mwaka, mabegi yetu yakiwa na nguo chafu na vitini vya muhula uliopita. Mifuko mitatu haizidi uzito wa vitini hivyo.

Na ukifika nyumbani, usihubiri. Pukuchueni pamoja. Mama yangu hakushawishika na maelezo yangu ya oksijeni. Alishawishika alipofungua mfuko wa kwanza Januari hii, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa hauna vumbi. Akauza magunia mawili kwa bei ya Januari, mawili akayaacha yamefungwa.

Bumu langu lilibaki chuoni. Nilipopiga simu kusalimia, nikidhani ataniomba hela, akaniambia nikija niongeze mifuko mingine minne. Jirani ameuliza.