Kiza cha Skrini na Ukimya wa Wanakiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na wenye vipakatalishi kote duniani wakahimizwa kuhamia Windows 11. Wapo waliohama kwa wepesi. Wapo waliozilazimisha mashine zao kuukubali mfumo mpya ingawa hazikutimiza masharti yake, na wapo waliokimbilia Linux. Miongoni mwa wote hawa, wamo ambao baada ya uhamisho huo hukuta skrini imefifia mithili ya kibatari kilichoishiwa na mafuta, au inang'aa hadi macho yanauma, na vitufe vya kuongeza na kupunguza mwangaza havifui dafu. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo hilo, ambalo wengi wetu tungelitupia idara ya sayansi ya tarakilishi, ni tatizo la lugha pia, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelikalia kimya kwa muda mrefu mno.

Nitautumia mji wa Malava kama kielelezo. Malava uko kaskazini mwa Kakamega, kwenye barabara iendayo Webuye, katika eneo la Wakabras linalofahamika kwa miwa na kwa Msitu wa Malava. Mkaazi wa huko aghalabu huzungumza Kikabras nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha hukutana na Kiingereza darasani na ndani ya mashine. Kipakatalishi anachomudu mwalimu au mwanafunzi wa maeneo kama hayo mara nyingi ni cha mtumba, kilichokwisha kutumika ng'ambo. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, pamoja na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa zilianza kuuzwa karibu na mwaka wa 2018. Ni dhahiri, basi, kwamba mabadiliko yaliyoamuliwa mbali yanamlemea zaidi mwenye mashine kuukuu, naye ndiye asiye na fedha za kujaribia bahati.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, hatuna budi kufahamu jinsi mwangaza wa skrini unavyofanya kazi. Skrini ya kawaida ya kipakatalishi haina mwanga wake yenyewe. Nyuma yake mna taa ndogo, na picha tunayoiona ni kama pazia lenye rangi lililotundikwa mbele ya taa hizo. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha mwangaza, amri husafiri kutoka kwenye kibodi hadi kwenye mfumo endeshi, kisha kwenye programu ndogo inayoongoza kifaa cha picha, ndipo iwafikie walengwa, yaani taa. Mfumo unapobadilishwa, njia hiyo huweza kukatika. Mathalani, Windows isipopata programu inayolingana na kifaa cha picha, huweka ya kijumla tu, ambayo huonyesha picha lakini haiwezi kuziamuru taa. Kwa upande wa Linux, toleo la 6.1 la kiini chake, lililotoka Desemba 2022, lilibadilisha utaratibu wa kuchagua njia ya kudhibiti mwangaza, na baadhi ya mashine za zamani zikapotezwa njia. Katika hali zote hizi, skrini ni nzima na taa ni nzima. Kilichokosekana ni maelewano baina yao na mfumo.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tuseme mwalimu fulani amefika kwenye kibanda cha fundi mjini Malava. Ana alama za mtihani za kuwasilisha kesho, na skrini imekuwa kiza. Atasema nini? Atasema, "Fundi, kioo kimekufa." Kauli hiyo ndiyo pekee aliyo nayo, nayo inabeba maradhi matatu tofauti: paneli iliyoharibika, taa ya nyuma iliyozimika, na programu isiyopatana na mfumo. La kwanza hutibiwa kwa kununua skrini nyingine, la pili kwa kufungua mashine na kukagua taa na waya wake, na la tatu kwa dakika chache za kubonyeza, bila kununua chochote. Mgonjwa asiyeweza kutaja panapomuuma hutibiwa kwa kubahatisha. Vivyo hivyo, mtu asiye na maneno ya kutenganisha maradhi haya huweza kununulia skrini nzima kosa la programu, kisha akaona kiza kile kile katika skrini mpya. Fundi mwenyewe asilaumiwe kwa pupa, kwa kuwa miongozo anayoitegemea imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na wakati mwingine dawa yenyewe ni mfuatano kama acpi_backlight=native, ambao asiyefunzwa huunakili jinsi mtu anavyovaa hirizi: hajui kilichoandikwa ndani, anaomba tu kifanye kazi.

Huenda msomaji akauliza: je, Kiswahili hakijaingia katika tarakilishi? Kimeingia, na wapo waliotutangulia wanaostahiki shukrani. Mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na katika mwongo uo huo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Hata hivyo, kazi hizo zilitafsiri zaidi menyu, yaani maneno anayoyaona mtu wakati mambo yanakwenda sawa. Mambo yanapokwenda mrama, mtumiaji hurudi kwenye Kiingereza. Tumejenga nyumba ya Kiswahili yenye sebule nzuri, lakini mlango wa dharura tumeuacha bila maandishi.

Sisi nasi tumejishughulisha na nini? Tumehojiana miaka na mikaka iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Iwapo ni kipakatalishi au kompyuta ya mpakato. Sidharau mjadala huo. Ninachosema ni kwamba istilahi haijaribiwi ukumbini peke yake. Hujaribiwa pia pale ambapo mtu ana shida na anahitaji kueleweka. Neno "kiendeshi" ni mfano mzuri. Wapo wanaolitumia kwa programu inayoongoza kifaa, na wapo wanaolitumia kwa kifaa cha kuhifadhia data. Darasani utata huo hauna madhara makubwa. Kwenye meza ya fundi, kumwambia mtu "ondoa kiendeshi" kunaweza kumfanya akichomoe kifaa kilichobeba kazi zake zote za miaka mitatu.

Nisije nikaonekana ninapiga porojo, na tujaribu kuandika mwongozo mfupi kwa Kiswahili tulicho nacho leo.

Kwanza, zima mashine kabisa, kisha uiwashe huku ukitazama nembo ya kampuni inayojitokeza kabla ya mfumo kuamka. Nembo iking'aa vyema na kiza kikaingia baadaye, yamkini kosa ni la programu, si la skrini.

Pili, iwapo kiza kipo tangu mwanzo, mulika skrini kwa tochi ya simu ukiwa mahali penye giza. Ukiona picha hafifu nyuma ya kioo, paneli ingali hai. Taa ya nyuma au waya wake ndio wa kushukiwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Tatu, iwapo kosa ni la programu, zima kwanza chaguo la mashine kujibadilishia mwangaza yenyewe, pamoja na lile la kubana matumizi ya betri.

Nne, fungua orodha ya vifaa na utazame jina la kifaa cha picha. Ukikuta jina la kijumla badala ya jina la kampuni iliyokiunda, chukua programu ya kifaa hicho katika tovuti ya waliounda kipakatalishi chako.

Tano, ikiwa matata yameletwa na programu mpya, irejeshe ya awali. Aliyehamia Windows 11 kutoka Windows 10 kwa kawaida hupewa siku 10 za kurudi alikotoka, mradi hajafuta mafaili ya mfumo wa zamani. Mtumiaji wa Linux naye, wakati wa kuwasha, huweza kuchagua kiini cha awali kikiwa bado kimo ndani ya mashine.

Hatua hizo tano hazikuhitaji kamusi nzito. Nimetumia taa ya nyuma, kioo, waya na tochi, maneno ambayo muuzaji na mnunuzi wanayaelewa bila mkalimani. Ninajua wapo watakaopinga kwamba hii si kazi ya mwanafunzi wa isimu na fasihi, na kwamba mafundi wanaelewana vyema kwa mseto wao wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng'. Ni kweli wanaelewana wao kwa wao. Anayeachwa nje ni mteja, na mteja ndiye mwenye kulipa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Habari zilizoandikwa kwa lugha asiyoimudu zimemfikia machoni tu.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu. Mosi, chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa tarakilishi, mathalani wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, kuandaa miongozo ya ukurasa mmoja mmoja kuhusu hitilafu za kawaida, tukianza na hii ya mwangaza. Pili, miongozo hiyo ipelekwe kwenye vibanda vya Malava na kwingineko kabla ya kuchapishwa, isomwe na fundi na mteja, na neno lolote litakalowakwaza lifutwe hata kama limependekezwa na profesa. Tatu, idara zetu zikubali kazi ya namna hiyo kuwa utafiti halali wa istilahi na tafsiri.

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, mwaka wa 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumezoea kuiadhimisha kwa hotuba na mashairi. Hayo yaendelee. Lakini siku hiyo ijayo, pamoja na hotuba, tupeleke karatasi moja Malava, ibandikwe ukutani penye kibanda cha fundi, na mwalimu mwenye alama za kuwasilisha kesho aisome, ajue kama anahitaji kununua skrini au la.